Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 19: Miche 180 tuliyoipanda ikafa



Ndugu zangu, mama zangu na dada zangu katika imani. Somo la leo ni refu kuliko ya kawaida. Kama uko jikoni na futari, liache, ulisome baada ya tarawehe. Lakini lisome, maana lina pesa zako ndani yake.

Mnakumbuka mwaka jana baada ya Idi tulichanga, tukanunua miche 180. Mwezi wa Mfungo Pili tukajaza lori, tukaenda kijijini, ule upande wa Handeni ambako mkaa mwingi tunaopikia hapa Tanga mjini unatoka. Tukapanda kando ya barabara na kwenye uwanja wa shule. Tukapiga picha, tukala pilau, tukarudi. Zile picha zilizunguka humu kwenye chaneli mpaka zikachosha.

Mwezi wa pili mwaka huu nilirudi kule kwa maziko. Tulipomaliza kuzika nikazunguka kuitazama miche yetu. Nilihesabu 11. Nikarudia kuhesabu, nikidhani labda mengine imefichwa na majani. Ni 11. Mingine mbuzi wamekula, mingine jua limeimaliza. Mzee mmoja aliyekuwa ananisindikiza akaniambia kwa upole kabisa: "Shehe, ile ilikuwa miti yenu. Mlikuja nayo, mkachagua wenyewe pa kuipanda, mkaondoka. Sisi tuliambiwa tuje na majembe."

Sikuwa na jibu. Aliyechagua siku ni mimi. Mvua za masika zilikuwa zinaishia, lakini ndiyo Jumapili ambayo lori lilipatikana. Aliyechagua mijohoro ni mimi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mingi kitaluni. Basi ikiwa kuna wa kulaumiwa, msihangaike kumtafuta.

Sasa nisikilizeni kuhusu ile 11. Miwili imepona kwa kudra ya Mwenyezi Mungu tu. Tisa iko nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjane. Siku ile ya picha alibeba iliyobaki kwenye lori, akaomba apelekee kwake, sisi hata hatukumtazama vizuri. Ameizungushia miiba, na kila jioni anaimwagia maji aliyooshea vyombo. Nikamuuliza, bibi, hii umewezaje? Akanijibu, "Hii niliiomba mimi. Nataka nguzo za choo, na kivuli cha wajukuu." Basi, hiyo tu.

Hadithi ya Anas bin Malik (r.a.) mnaijua, imo kwa Bukhari na Muslim, na sisi maimamu tunaisoma kila tunapochangisha miche. Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au akilima shamba, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi kwake ni sadaka. Tumeisoma mara nyingi lakini tunakimbilia neno la mwanzo, kupanda. Tazameni tena sadaka imefungwa wapi: imefungwa kwenye kuliwa. Mti uliokufa una miezi 3 haukumlisha ndege wala mtu. (Mbuzi walikula, ndio, na ya Mwenyezi Mungu ni mapana. Lakini tusijifiche nyuma ya mbuzi.)

Na katika mapokezi mengine ya Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (r.a.), maneno haya yalisemwa shambani. Mtume (s.a.w.) aliingia katika mitende ya mama mmoja wa Kiansari, Ummu Mubashir, akamuuliza nani aliyeipanda. Yaani mafundisho yale yalitolewa kwenye shamba la mwanamke, mitende ikiwa imesimama. Nilipokuwa nimesimama nyuma ya nyumba ya yule bibi, ndicho nilichokikumbuka.

Kiko kisa kingine, cha Salman al-Farisi (r.a.), kilichopokewa na Imam Ahmad. Salman alikuwa mtumwa, na bwana wake akamwandikia uhuru kwa mitende 300 na dhahabu juu yake. Mtume (s.a.w.) akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mmoja kwa uwezo wake. Salman akaambiwa akachimbe mashimo kwanza, akimaliza aje aseme. Kisha Mtume (s.a.w.) akaja kuipandikiza kwa mkono wake mtukufu, na Salman anasimulia kuwa haukufa hata mmoja. Baraka ya mkono ule hatuna. Lakini mpangilio wa kazi tunao: miche ile ilikuwa na mwenyewe. Alikuwepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye deni linalojulikana, na mashimo kayachimba yeye mwenyewe. Jamaa walichanga ili mtu atoke kifungoni.

Sasa nawapeleka mbali kidogo, Burkina Faso. Kulikuwa na Muislamu mwenzetu anaitwa Yacouba Sawadogo, wa kijiji cha Gourga, karibu na mji wa Ouahigouya. Utotoni alipelekwa Mali kwenye chuo cha Qur'ani, kama wengi wetu tulivyopelekwa kwa maalimu wa mbali. Alipokua akawa mchuuzi sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukame ukapiga, watu wanahama kijiji baada ya kijiji, ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Yeye akafanya kinyume: akaacha biashara, akarudi shamba.

Kule wana mbinu ya wazee, wanaiita zai: unachimba vishimo vidogo kwenye ardhi iliyokauka ili maji ya mvua yatulie. Sawadogo akavipanua, akavichimba kiangazi kabla mvua hazijaja, na akatia samadi ndani. Majirani wakasema amepata wazimu, nani anachimba shamba jua kali hivi? Samadi ikawaita mchwa, mchwa wakatoboa udongo, mvua ilipokuja maji yakazama badala ya kukimbia. Pia akapanga mistari ya mawe kuzuia mmomonyoko. Akapata mtama mahali ambapo palikuwa hapaoti kitu.

Na hapa ndipo ninapotaka mkae kidogo. Ndani ya samadi mlikuwa na mbegu za miti. Ikaota katikati ya mtama. Wengine wangeing'oa, yeye akaiacha, akaitunza. Miaka ikaenda, pakawa na msitu wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka. Maana yake Sawadogo hakuambiwa akae na njaa akisubiri mti. Vishimo vile vile vilimpa chakula mwaka huo huo, na mti ukaja nyuma ya chakula.

Hakupata raha, msidhani. Kuna waliomchomea shamba na msitu. Baadaye mji wa Ouahigouya ukapanuka, ardhi ya msitu wake ikaanza kupimwa viwanja. Tuzo za dunia zilimjia uzeeni, mwaka 2018 na 2020, na wapima viwanja wakawa wameshafika. Alifariki Desemba 2023, Allah amrehemu. Alikuwa akiita watu shambani kwake kubadilishana mbegu na kufundishana, bila kutoza ada.

Turudi nyumbani. Kwa nini mkulima wa Handeni anakata mti? Tukiwa mjini tunasema ni ujinga, hawajaelimishwa. Si kweli. Yule mzee anajua miti kwa majina ambayo mimi na diploma yangu ya ualimu siyajui. Anakata kwa sababu mahindi yameisha ghalani kabla ya mavuno mapya, mtoto anadaiwa sare, na mti ule ukichomwa unatoa gunia la mkaa ambalo lori litalinunua kesho asubuhi. Mche tuliompelekea unamwambia subiri. Mchungwa wa kubebesha utampa kitu baada ya miaka 3 au 4, mkorosho hivyo hivyo. Gunia la mkaa halimwambii subiri. Na sufuria zetu za futari pale msikitini zinapikiwa nini? Tulizungumze hilo bila kuoneana haya.

Halafu kuna jambo zito zaidi, na najua wengine mtanuna. Kule Muheza mkulima akibanwa anauza machungwa yakiwa bado maua. Mnunuzi anakuja na pesa kidogo, anachukua shamba zima la msimu. Mavuno yakiwa mazuri mkulima anatazama lori likipakia matunda ambayo si yake tena. Yakiharibika, ugomvi. Miaka miwili hivyo, mkulima anaiona michungwa haina faida, anaikata. Na wanunuzi hao si watu wa mbali. Wengine wenu mnaosoma hapa ndio wanunuzi, na mnasali safu ya kwanza.

Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda mtini kabla hayajadhihiri kukomaa. Imo kwa Bukhari na Muslim, na sababu ameieleza: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yale, kwa haki gani mtu atakula mali ya nduguye? Mwenye haja ya kulipa mapema sheria imempa mlango, unaitwa salam. Unalipa pesa yote sasa, kwa bidhaa ya sifa inayojulikana, kipimo kinachojulikana, na siku ya kukabidhi inayojulikana, bila kuifunga kwenye miti fulani. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wanalipia tende kabla, akawawekea masharti hayo. Na ukimlipa mkulima bei ya haki kwa salam, umemvusha kiangazi bila kumnyonya. Mwenye mkataba wa maua mkononi msimu huu aje tukae. Sitamtaja kwenye minbari.

Kuna lingine ambalo halihitaji kununua mche. Kule Niger, nchi ya Waislamu wenzetu, wakulima wameirudishia miti ardhi inayozidi hekta milioni 5, na sehemu kubwa hawakupanda. Walitunza visiki. Mti uliokatwa mizizi yake bado hai chini. Unatoa machipukizi mengi, unachagua machache yenye nguvu, mengine unapunguza, unalinda na mifugo. Hapa kwetu Dodoma wakulima wanafanya hivyo hivyo tangu mwaka 2018 na kazi yenyewe inaitwa Kisiki Hai. Niger kwanza ilikuwa ngumu, kwa sababu miti ilihesabiwa kuwa ya serikali na mkulima hakuona sababu ya kulinda kisichokuwa chake. Alipojiona ni mwenyewe, akalinda. Ni maneno ya yule mzee wetu, "ilikuwa miti yenu".

Huko Handeni visiki viko tele, tumeviruka kwa lori letu tukiwa na miche ya kitaluni. Mizizi ilikuwa inatungoja.

Sasa habari ya pesa. Kamati imeniletea azimio kwamba mwaka huu tununue miche 500, tupande mara tu baada ya Idi, masika yakiwa yameingia. Nia ni njema, na safari hii wakati nao ni mzuri. Lakini mimi sikubaliani na hesabu, na nasema hapa mbele yenu ili msije mkaambiwa Shehe alinyamaza. Napendekeza miche isizidi 120, na kila mmoja uwe umeombwa na mtu kwa jina lake, wa aina aliyoichagua mwenyewe, kwenye shamba lake. Akitaka michungwa, michungwa. Akitaka mdalasini au mijohoro ya nguzo, ni hiari yake. Kama nyumba 3 tu zitaomba, tupeleke nyumba 3.

Pesa itakayobaki iwe karadha njema, mkopo usio na riba, kwa wale watakaotunza miche na visiki, ya kuwavusha miezi ile ghala likiwa tupu. Wanarudisha baada ya mavuno, inakwenda kwa wengine. Najua swali: wasiporudisha je? Baadhi hawatarudisha. Mwaka jana tulizika miche 169 na hakuna aliyetaka hesabu.

Tahadhari moja ya fiqhi, maana nimeshaulizwa mara mbili inbox. Hii tusiichanganye na zaka. Zaka ni haki ya mtu, mkabidhi mkononi aimiliki. Mkulima fukara au aliyezama kwenye deni anastahiki zaka, mpe kama zaka, usimdai. Mfuko wa miti na mkopo utoke kwenye sadaka na wakfu. Na nyinyi wenye mashamba, msisahau mna zaka ya mazao siku ya kuvuna yakifika nisabu: sehemu 1 ya 10 kwa shamba la mvua, nusu yake kwa shamba la kumwagilia kwa gharama.

Yule bibi nimempigia juzi kupitia simu ya mjukuu wake. Miche yote tisa ipo. Ameniuliza kama tunaweza kumpatia mwembe mmoja wa kubebesha, wa dodo, na nimemwahidi, kwa hiyo miche 119 ndiyo ya kujadili.

Kikao ni Alhamisi baada ya tarawehe, upande wa madrasa. Akina mama mlango wa nyuma utakuwa wazi, na safari hii nawaomba mje, mnaojua kulima wengi ni nyinyi. Mwenye ndugu Handeni au Muheza amuulize leo anataka mti gani, aje na jina na aina vimeandikwa kwenye karatasi.

Kesho in sha Allah tunaingia kumi la mwisho, tutazungumzia itikafu na masharti yake.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.