Nyumba Mpya, Mbu Walewale

Mwezi huu tuzungumze juu ya ujenzi wa nyumba.

Katika wodi yetu alilazwa mtoto wa miaka miwili mwenye malaria kali. Aliishiwa damu, ikabidi aongezewe. Baada ya miezi miwili alirudi na ugonjwa uleule. Baba yake alishangaa: "Sista, tumetoka nyumba ya nyasi, sasa tuko kwenye bati na saruji. Malaria inatoka wapi?"

Nilipowatembelea nilipata jibu. Kati ya ukuta na bati palikuwa na mwanya wa kupitisha ngumi, nyumba nzima. Madirisha yalikuwa na nondo nzuri, lakini hayana wavu.

Mbu aenezaye malaria hufuata harufu na pumzi za watu waliolala. Akikuta ukuta hupanda juu, na mwanya wa paa ndio mlango wake. Huko Gambia nyumba ziliwekewa nyavu milangoni na madirishani na kuzibwa mianya. Majibu yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa mbu walipungua kwa asilimia 59. Zilizowekewa dari tu, walipungua kwa asilimia 47. Watoto wenye upungufu wa damu nao walipungua.

Wataalamu wanaendelea kutafuta nyumba ya kesho. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za ghorofa moja. Familia hulala juu, kuta hupitisha hewa kupitia nyavu, na jiko, choo na maji ya mvua vimefikiriwa tangu mwanzo. Kwa nini kulala juu? Jaribio jingine la Gambia lilionyesha kuwa kibanda kilichoinuliwa mita 3 kiliingiwa na mbu wa malaria pungufu kwa asilimia 84 kuliko kilichokuwa chini.

Si wote tutaweza kujenga ghorofa. Lakini kila familia inayojenga izingatie haya:

1. Zibeni mwanya wa juu kwa tofali na udongo au saruji.

2. Wekeni madirisha pande mbili zinazotazamana, yote yawe na wavu. Nyumba ya bati iliyozibwa bila madirisha huwa kama tanuri, na mwenye joto hutupa chandarua pembeni.

3. Mlango ukae sawasawa kwenye fremu, na ufungwe kabla ya giza.

4. Jiko liwe nje. Mianya ikizibwa moshi hauna pa kutokea, na moshi huwaletea watoto nimonia.

Hata hivyo, chandarua chenye dawa kisiachwe.

Yule baba alikuwa ameweka akiba ya rangi. Aliitumia kununua wavu, na mwanya akauziba mwenyewe kwa vipande vya tofali. Nyumba yake bado haina rangi.

Maswali ya kujadili nyumbani: Je, nyumba yetu ina mwanya chini ya paa? Nani ataanza kuuziba, na lini?