Mnakili na Kumbukumbu Yake

Wanafunzi wetu hunakili kila siku. Mwalimu huandika ubaoni, nao huandika madaftarini, na mara nyingi hapana kinachopita vichwani mwao. Kosa hilo ni letu walimu, si lao. Hapa twapendekeza njia moja ya kuirudishia kazi hiyo uzito wake, nayo tumeipata kwa watawa wa Armenia.

Mnamo mwaka 405 hivi, Mesrop Mashtots aliwatungia Waarmenia alfabeti ya herufi 36. Kitabu chao cha kwanza cha kupigwa chapa kilitoka Venice mwaka 1512. Katika muda huo wote wa kati, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, hasa katika monasteri kama vile Tatev, Haghpat na Gladzor. Mmoja aliandaa ngozi, mwingine akaandika, mwingine akachora na kupaka dhahabu, na mwingine akajalidi.

Kazi ilipokwisha, mnakili aliongeza maneno yake mwenyewe, yaitwayo hishatakaran, yaani kumbukumbu. Alitaja jina lake, mwaka, mahali, na mtu aliyegharimia kitabu. Kisha alisema yaliyomsibu: baridi, macho kufifia, vita vilivyomfukuza katikati ya kazi. Akamwomba msomaji amwombee, na amsamehe makosa. Wanahistoria wa leo huzithamini sana kumbukumbu hizo.

Adui alipoteka mji, vitabu navyo vilichukuliwa. Waumini walichanga fedha wakavinunua tena, na mwandishi akaongeza kumbukumbu ya pili akisema kuwa kitabu kilikuwa mateka nacho kimekombolewa, kama asemavyo mtu juu ya ndugu yake. Kitabu cha mahubiri cha Mush, kilichokamilika mwaka 1202, kina uzito wa kilo 28 hivi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1915, wakati wa mauaji ya halaiki ya Waarmenia, wanawake wawili waliokuwa wakikimbia walikiokoa. Kwa kuwa hakikubebeka, walikigawa sehemu mbili. Moja ilifika Etchmiadzin. Ya pili ilifukiwa ardhini huko Erzurum, ikaja kupatikana baadaye. Leo zote zimo katika Matenadaran, hazina ya miswada mjini Yerevan. Kisa hiki mwalimu akisimulie polepole, wala asikipunguze. Na ikiwezekana awape watoto mzigo wa kilo 28 waujaribu kuuinua.

Baada ya hapo ndipo wanakili. Sisi tulianza kwa kuwapa Darasa la Tano ukurasa mzima, tukakosea: mikono ilichoka na hati ikaharibika. Mistari minane yatosha. Wakimaliza, wabadilishane madaftari na kila mmoja ahesabu makosa ya mwenzake kwa kulinganisha na asili, neno kwa neno. Mwalimu asikimbilie kusahihisha. Mwisho kila mwanafunzi aandike kumbukumbu yake chini ya kazi: jina, tarehe, hali ya hewa, na lililomtatiza.

Tulipolijaribu somo hili katika mazoezi ya kufundisha, wengi waliandika juu ya njaa na juu ya kalamu mbovu. Mvulana mmoja aliomba radhi kwa kuruka mstari wa nne, kwa sababu mwalimu alisimama dirishani akamzibia mwanga. Tuliutafuta mstari huo katika daftari lake, na kweli haukuwamo.