Hewa Iliyobanwa

Chukua pampu ya baiskeli. Vuta mpini wake, ziba tundu kwa kidole, kisha usukume mpini. Je, kidole kinahisi nini? Hewa inakisukuma. Msukumo wa hewa kwenye eneo huitwa kanieneo.

Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kuwa, halijoto isipobadilika, ujazo wa hewa iliyofungiwa ukipungua kuwa nusu, kanieneo yake huwa mara mbili.

Mfano: Hewa ya sentimeta za ujazo 60, yenye kanieneo ya angahewa 1, imebanwa ikawa sentimeta za ujazo 20. Tafuta kanieneo mpya.

Jibu: 60 × 1 ÷ 20 = 3. Kanieneo mpya ni angahewa 3.

Zoezi: Mwanafunzi mmoja alipata jibu 1/3. Kumbuka kidole chako, kisha eleza kosa lake.