Somo la Wanachama: Kuanzisha Kikundi cha Wauzaji kwa Simu Nduta, Kibondo na Kasulu



Katika somo hili tutaeleza namna watu wanaouza bidhaa kwa simu na intaneti wanavyoweza kuunda kikundi chao katika eneo la Nduta na vijiji vya Kibondo na Kasulu. Hatusemi juu ya ile iitwayo "biashara ya mtandao", ambayo mtu hutozwa kiingilio kisha huagizwa alete wengine ili apate faida. Huo ni upatu, na wengi wanakumbuka vilio vya mwaka 2009 Serikali iliposimamisha upatu wa DECI. Tunasema juu ya mtu mwenye asali, maharage, mawese au vitenge, ambaye huonyesha picha za mali yake kwenye WhatsApp au Instagram, hupokea fedha kwa simu, na hupeleka mzigo kwa basi.

Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, wafanyabiashara wa jirani walipata wanunuzi wa karibu. Lakini soko linalotegemea kambi hupanda na kushuka pamoja nayo. Watu wakirejea kwao, muuzaji hubaki na shehena. Kwa hiyo mnunuzi wa mbali, aliye Mwanza au Dar es Salaam, ni wa kutafutwa mapema.

Tatizo la mnunuzi huyo ni hofu. Kila siku watu hupokea ujumbe wa matapeli, "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kwa nini basi amtumie fedha mtu asiyemjua wa Kibondo? Muuzaji naye huogopa kupakia mali kabla ya kulipwa. Kila mmoja humngoja mwenzake atangulie, na biashara hufa hapo. Mtaji peke yake hautibu ugonjwa huu wala hauhakikishi maisha ya biashara: kampuni ya Jumia, iliyokuwa kubwa kuliko sisi sote, ilisimamisha kazi zake nchini Tanzania mwezi Novemba 2019. Kinachotakiwa ni jina linaloweza kuulizwa habari zake, na ofisi ambayo mnunuzi anaweza kumtuma ndugu yake akagonge mlango.

Basi mwanzo uwe mdogo. Watu wanane au kumi wanatosha, wakutane siku ya gulio katika ofisi ya chama cha msingi. Katibu anaweza kuwapa chumba na benchi bila gharama. Watu wengi hudhani kwamba kundi la WhatsApp ni kikundi tayari. Kundi hilo lafaa kwa kupeana habari, lakini humo mtu akikosa huondoka kwa kubonyeza kidole, na hakuna wa kumdai. Katika mkutano wa kwanza msiharakishe kuchagua mwenyekiti na mweka hazina. Kila mmoja aeleze auza nini, alipata maagizo mangapi mwezi uliopita, na mangapi yaliharibika, na kwa sababu gani. Yaandikwe daftarini. Mtaona kwamba hasara nyingi zinafanana.

Mkutano wa pili uwe wa vipimo, nasi twauona kuwa mkubwa kuliko yote. Chukueni asali. Lita moja ya asali nzuri huwa na uzito wa karibu kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 ni karibu kilo 28. Muuzaji akitangaza bei kwa lita na mnunuzi akadhani ni kwa kilo, ugomvi umekwisha kuzaliwa kabla basi halijaondoka stendi. Tena, asali iliyotiwa maji huwa nyepesi. Mizani ya chama itamfichua mwenye kuchanganya. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844 kwa mtaji wa paundi 28, walijenga sifa yao kwa unga usiochanganywa na kipimo cha haki. Kikundi kikubaliane kipimo kimoja, chombo kimoja cha kufungia, na mtu mmoja wa kukagua kila mzigo asiokuwa nao hisa.

Mizigo nayo ipelekwe pamoja. Tuseme wauzaji watano kila mmoja hulipa shilingi 5,000 kwa kifurushi. Jumla ni 25,000. Wakifunga gunia moja kwa shilingi 12,000, na mtu wao akalipokea na kuligawa, kila mmoja ameokoa shilingi 2,600. (Mpokeaji naye alipwe, wema usiolipwa huchoka upesi.)

Kuhusu fedha, mwanachama aendelee kupokea zake mwenyewe mpaka daftari lizoeleke. Baadaye kikundi kiombe Lipa Namba kwa jina lake, ili mnunuzi aone jina hilo kabla ya kuthibitisha malipo. Mzigo ukipotea, kikundi kitoe jibu ndani ya siku walizokubaliana, na fidia itoke katika mfuko mdogo wa dharura.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 humtaka muuzaji amweleze mnunuzi jina, anwani, sifa za bidhaa na bei. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hukataza kugawa ovyo namba za wateja. Kuhusu kuandikishwa kuwa chama chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mwoneni Afisa Ushirika wa wilaya, lakini baada ya msimu mmoja wa kazi.

Maswali ya kujadili katika mkutano:

Mwanachama mmoja amepokea shilingi 80,000 za mteja wa Mwanza na hakupeleka mali. Je, kikundi kimlipe mteja kwanza, au kimdai mwanachama kwanza? Na akiwa ni ndugu wa mwenyekiti, nani atakayeongoza kikao hicho?