Kabla ya Kununua Dawa ya Karakara, Pasua Shina

Mkulima, huenda umepanda karakara, ambayo wengi wetu twaiita pasheni, na wiki iliyopita ilikuwa imejaa maua. Leo mmea mmoja umelegea kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Watu wengi wakiona hivyo hukimbilia dukani kununua dawa ya kunyunyiza. Ngoja kwanza. Chukua kisu, ukate shina lile karibu na ardhi, kisha ulipasue kwa urefu. Ukiona ndani mistari ya kahawia inayoelekea wekundu, basi huo ni mnyauko wa fusariamu.

Mnyauko huu ni ukungu ukaao udongoni. Huingia kwa mizizi na kuziba mishipa ipandishayo maji, na ndiyo sababu mmea hukauka hata mvua ikinyesha. Dawa ya kunyunyiza majani haiufikii, na pesa utakazotoa zitapotea bure. Ng'oa mmea huo pamoja na mizizi yake, uuchome pale pale ulipokuwa; usiuburute kati ya mimea mizima. Usipande karakara nyingine katika shimo lile, kwa maana ukungu huu huishi udongoni kwa miaka mingi. Husafiri pia kwa jembe, kwa viatu na kwa maji ya mvua. Sisi wa skimu mashamba yetu yamepakana, na udongo wa jirani aliye juu ya mteremko hushuka kwako. Chimba mtaro wa kugeuza maji hayo, na jembe ulioshe kabla ya kuliazima mtu.

Kinga yenyewe huanzia kwenye mche. Ziko karakara za aina mbili zinazotuhusu hapa. Ya zambarau ni tamu, hupenda nyanda za juu, na ndiyo inayotafutwa sana sokoni, lakini mizizi yake haiwezi kushindana na mnyauko. Ya manjano ni chachu zaidi na hupenda sehemu za joto, lakini mizizi yake huvumilia ugonjwa huu vizuri. Kwa hiyo shina la chini huwa la manjano, na kitawi cha zambarau huunganishwa juu yake.

Mche kama huo huuzwa kwa bei kubwa kuliko wa mbegu, na hapo ndipo wajanja huingia. Usikubali maneno tu. Tafuta kovu la kiungo katika shina. Mche usio na kovu haukuunganishwa. Tena tazama rangi: shina na vikono vya karakara ya manjano huwa na wekundu kidogo, na vya zambarau huwa kijani. Jicho likizoea halidanganyiki.

Ukipanda, acha kiungo juu ya ardhi, wala usikifukie kwa udongo wakati wa kupalilia. Kikifukiwa, kitawi cha zambarau huota mizizi yake chenyewe na faida yote ya kuunganisha hupotea. Machipukizi yakitokea chini ya kiungo, yaondoe yangali machanga, kwani hayo ni ya manjano, nayo yana nguvu ya kuushinda mmea ulioununua. Nafasi ya mita 2 kati ya mimea na mita 3 kati ya mistari yafaa, pamoja na nguzo imara na waya. Mahali panapotuama maji, panda kitu kingine.

Wakulima hutuletea ofisini jani moja ndani ya bahasha na kuuliza dawa. Jani peke yake halitoshi. Lete na tunda. Jani likiwa na mabaka ya kijani na manjano na kujikunja, na tunda likiwa dogo, gumu, lenye ganda nene, hicho ni kirusi. Nacho hakina dawa. Huenezwa na vidukari na kwa kisu cha kupogolea. Ng'oa mmea, uuchome, na pitisha makali ya kisu juu ya moto kila utokapo mmea mmoja kwenda mwingine. Kunde na maharagwe usiyapande katikati ya karakara, kwa kuwa mimea ya jamii hiyo huweza kuhifadhi kirusi hicho.

Madoa ya kahawia yenye miviringo, juu ya majani na matunda, ni jambo jingine. Hapo dawa ya shaba husaidia, lakini kwanza pogoa matawi yaliyosongamana ili upepo upite, maana dawa juu ya kichaka ni kazi ya hasara. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na hesabu siku zilizotajwa kabla ya kuuza matunda. Maua ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Basi nyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kuondoka.