Kutoka Boito hadi Ubalozini: Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili katika Diplomasia

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anaporudi nyumbani Boito wakati wa likizo, wazee humuuliza swali moja: "Utafundisha shule gani?" Swali hilo halina ubaya, kwani ualimu ni kazi adhimu. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe tumelipokea kana kwamba halina jibu jingine. Anayetamani kuwa mwanadiplomasia hushauriwa aache Kiswahili kwanza. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba ushauri huo si sahihi, ingawa Kiswahili peke yake nacho hakitoshi.

Majani Chai na Mambo ya Nje

Boito iko Konoin, katika Kaunti ya Bomet. Mkulima wa huko hupeleka majani chai kituoni, hupimiwa kilo zake, kisha husubiri malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka. Chai ikishatoka kiwandani, nyingi hupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, na kutoka hapo husafirishwa hadi Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko.

Mnamo Februari 2025, kikosi cha RSF, kinachopigana na jeshi la Sudan, kilikutana na washirika wake jijini Nairobi. Mwezi uliofuata, serikali ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo. Mkulima wa Boito hakualikwa kwenye mkutano ule, lakini soko lililofungwa lilikuwa lake. Kwa hiyo, mwanafunzi aliyekulia katika mashamba ya chai asidhani kwamba sera ya mambo ya nje ni jambo la mbali. Ameiona katika bonasi ya wazazi wake.

Lugha kama Zana ya Mwanadiplomasia

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unataja kazi za ubalozi: kuwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali mwenyeji, kuchunguza hali kwa njia halali na kuitolea taarifa, na kukuza uhusiano mwema. Ndugu msomaji, ni ipi kati ya kazi hizi inayofanyika bila lugha?

Tuchukue mfano wa sentensi tatu ambazo zingeweza kuandikwa katika mapatano ya biashara:

(a) Nchi hizi zitaondoa ushuru wa chai.
(b) Nchi hizi zitajitahidi kuondoa ushuru wa chai.
(c) Nchi hizi zinaweza kuondoa ushuru wa chai.

Sentensi ya kwanza inaweka wajibu. Ya pili inaahidi juhudi tu. Ya tatu inatoa ruhusa, na haimfungi mtu. Mjumbe asiyetambua tofauti hiyo atarudi nyumbani akishangilia mapatano yasiyomwongezea mkulima hata senti moja. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sarufi, semantiki na tafsiri tunazosoma darasani ndizo zinazomkinga mjumbe asijikwae.

Mfano wa Taaitta Toweett

Nchi hii ya chai imewahi kutoa kielelezo. Dkt. Taaitta Toweett, aliyekuwa mbunge wa Buret, alishiriki mazungumzo ya katiba ya Kenya katika jumba la Lancaster, London, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1976, akiwa Waziri wa Elimu, aliongoza Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi. Mtu huyo huyo alikuwa mwanaisimu, na kitabu chake kuhusu isimu ya Kikalenjin kilichapishwa mwaka 1979. Kwake, lugha na siasa za kimataifa hazikuwa njia mbili zinazopingana.

Tangu wakati huo nafasi ya Kiswahili imepanuka. Mwaka 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mjini Addis Ababa. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa UNESCO, ule ule ambao Toweett aliwahi kuuongoza, uliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi. Hata hivyo, azimio halijitafsiri lenyewe. Linahitaji wakalimani, wafasiri na wanaistilahi.

Hatua za Kuchukua

Kwanza, mwanafunzi aambatanishe Kiswahili na somo jingine, kama vile sayansi ya siasa, historia au uchumi. Pili, ajifunze lugha moja zaidi ya kimataifa. Kifaransa kitamfaa nchini Kongo, nacho Kiarabu kitamfaa Misri na Sudan. Tatu, aelekee kwenye mafunzo ya uzamili: Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha diplomasia tangu mwaka 1973, na Tanzania ina Chuo cha Diplomasia Kurasini. Nne, atofautishe balozi na afisa wa ubalozi. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, balozi huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa. Kijana asikae akingoja uteuzi huo. Aombe kazi ya afisa nafasi zinapotangazwa, aanzie ngazi ya chini na kupanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hitimisho

Mzee wa Boito akiuliza tena, mwanafunzi anaweza kumjibu kwa heshima: "Mzee, huenda nikafundisha. Lakini pia huenda nikaketi mahali ambapo soko la majani yako linajadiliwa, nami nitajua kila neno lililoandikwa lina uzito gani." Jibu hilo litakuwa la kweli iwapo tutaanza kujiandaa tukiwa bado chuoni.