Watu Wasioonekana wa Nyumba ya Redio

Mtu afunguapo redio husikia sauti tu. Wale walioitayarisha hawaoni. Somo letu la juma hili lahusu watu hao, na mfano tulioutwaa ni nyumba ya redio ya mji wa Hamburg, Ujerumani, baada ya Vita Kuu ya Pili.

Katika utawala wa Hitler redio ilikuwa chombo cha serikali, na watu walidanganywa kwayo miaka kumi na miwili. Waingereza walipouingia mji huo mwezi wa Mei 1945, waliikuta nyumba ya redio haikubomolewa, na jioni ya tarehe 4 Mei ilianza kutangaza tena. Lakini mitambo mizima haifai kitu ikiwa wasikilizaji hawasadiki yanayosemwa. Njia ya mwongo ni fupi, na kurudisha imani ni safari ndefu.

Tuangalie kazi ya fundi mmoja. Maneno mengi yalinaswa katika utepe wa sumaku, uliopita katika mashine kwa mwendo wa sentimita 77 kila sekunde. Utepe wa mita 1,000 ulikwisha kwa dakika 22 hivi. Msemaji akikosea, fundi aliukata utepe kwa mkasi, akaondoa kosa, akaunganisha ncha mbili. Lakini mkasi uondoao kosa waweza pia kuondoa neno la kweli, na msikilizaji asijue kamwe. Kwa hiyo fundi alihitaji mkono mwepesi, na zaidi ya huo, moyo mnyofu.

Majira ya baridi ya 1946 na 1947 yalikuwa makali mno. Makaa ya mawe yalikuwa haba, na umeme ulikatwa mitaani kwa zamu. Tarehe 13 Februari 1947 redio ilitangaza mchezo wa Wolfgang Borchert juu ya askari arudiye kutoka vitani akakuta kila mlango umefungwa. Mwandishi mwenyewe, aliyekuwa mgonjwa kitandani, hakuweza kuusikia, kwa kuwa mtaa wake haukuwa na umeme. Hata hivyo barua nyingi zilifika, nyingine za shukrani, nyingine za hasira. Borchert alifariki tarehe 20 Novemba mwaka uo huo, umri wake miaka 26.

Tangu tarehe 1 Januari 1948 kituo kilikuwa mali ya umma chini ya sheria yake, kwa kufuata mfano wa BBC. Kila mwenye redio alilipa maki 2 kwa mwezi, ili kituo kisiitegemee serikali wala chama cho chote. Mwaka 1956 kiligawanywa kuwa vituo viwili, NDR na WDR, ambavyo vingali vikitangaza.

Basi, msomaji, usikiapo sauti nzuri redioni, usiulize tu ni nani asemaye. Uliza pia ni nani aliyeshika mkasi, na ni nani anayemlipa.